Unamlipa Ajibu Wateja, au Unamlipa Umwone Amekaa?

Wafanyabiashara wenzangu, swali hili limeingia inboksi mara nyingi mpaka nimeona nilijibu hapa hapa kwa wote. Linakuja kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: "Dada, msaidizi wangu wa meseji anafanyia kazi kwake. Nasikia huko Marekani makampuni makubwa yamewarudisha watu ofisini kwa lazima. Na mimi nataka nichukue fremu, nimwambie aje akae pale kuanzia saa mbili asubuhi. Unaonaje?"

Naona usifanye. Kama unachukua fremu kwa sababu wateja wako wanataka kushika kitambaa na kujaribu kiatu, hayo ni mazungumzo mengine na huenda una hoja. Lakini kukodi chumba ili umwone mtu ameshika simu, simu ambayo angeishika kwake na kazi ikaenda vile vile, hapo unatoa mtaji kununua utulivu wa roho. Na huo utulivu wenyewe hutaupata, nitakwambia kwa nini.

Tuanze na hao wa Marekani maana ndio wanaotutia presha.

Ni kweli wamerudisha watu. Septemba 2024 bosi wa Amazon, Andy Jassy, aliwaandikia wafanyakazi wake wa ofisini kwamba kuanzia Januari 2025 watakuja siku 5 kwa wiki, wakati kabla ya hapo walitakiwa siku 3. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Trump naye akaagiza watumishi wa serikali yake warudi vituoni. Zamani kidogo, mwaka 2013, Yahoo chini ya Marissa Mayer walishapiga marufuku watu kufanyia kazi nyumbani. Na kichekesho kuliko vyote ni Zoom. Watu ambao biashara yao ni kukutanisha walio mbalimbali, Agosti 2023 nao wakawaambia wafanyakazi wanaoishi karibu na ofisi zao waje angalau siku 2 kwa wiki. Nilicheka siku nzima.

Sasa angalia kitu kimoja. Hao wote majengo walikuwa nayo tayari. Wanawarudisha watu kwenye viti vilivyokwisha kulipiwa. Wewe kiti huna. Wewe unataka kumtafuta dalali, ulipe kodi ya miezi sita mbele, upake rangi, uvute umeme, halafu ndiyo uanze "kumrudisha" mtu mahali ambapo hajawahi kuwa.

Sababu wanazotoa si za kipuuzi. Wanasema watu wakikaa pamoja wanafundishana, mgeni anajifunza kwa kumtazama mwenyeji, mawazo yanakutana. Kwa kampuni ya maelfu ya watu naweza kukubali. Lakini biashara yako ina watu wawili na boda. Kitu mnachohitaji kuelewana sana wewe na yeye ni bei ya mwisho.

Kama unataka kuiga kampuni ya nje, kuna moja ambayo kazi yake inafanana na ya kwetu kuliko Amazon. Inaitwa Ctrip, siku hizi Trip.com, ni wakala wa safari wa China. Wana wafanyakazi wa kupokea simu: mteja anapiga, anauliza bei ya tiketi au hoteli, anahudumiwa, anakata. Ukibadilisha tiketi ukaweka dera na kiatu cha mtoto, ndiyo kazi ya dada yako wa meseji.

Mwishoni mwa 2010 kampuni hiyo ilifanya jaribio, na mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Nicholas Bloom, na wenzake wakalifuatilia. Watu 249 waliojitolea na kukidhi vigezo wakagawanywa kwa tarehe za kuzaliwa. Waliozaliwa tarehe zinazogawanyika kwa mbili wakafanyie kazi nyumbani siku 4 kwa wiki, wengine wabaki ofisini kama kawaida. Ikaenda hivyo miezi 9. Walioko nyumbani wakafanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya hiyo ilitokana na kukaa kazini dakika nyingi zaidi, mapumziko na siku za kuumwa zikapungua, na iliyobaki ni kwamba walihudumia simu nyingi zaidi kwa dakika kwa sababu nyumbani kuna utulivu. Walioacha kazi walipungua kwa nusu.

Hapo ndipo wengi husimulia na kuishia. Mimi naona utamu wa habari uko kwenye vitu viwili ambavyo watu huviruka.

Cha kwanza ni vigezo. Hawakumpeleka nyumbani kila mtu. Ilibidi uwe umeshafanya kazi pale angalau miezi 6, uwe na intaneti nyumbani, na uwe na chumba chako cha kufanyia kazi. Hebu soma tena hiyo ya chumba, tutairudia.

Cha pili, jaribio lilipoisha kampuni iliwaambia watu wachague upya, nyumbani au ofisini. Zaidi ya nusu wakabadilisha! Wengine walikuwa wamechoka na upweke wa kukaa ndani peke yao. Wengine walikuwa wameona kwamba wa nyumbani wanasahaulika kwenye kupandishwa vyeo, na kweli walikuwa wanasahaulika. Baada ya watu kuchagua wenyewe, ile faida ya asilimia 13 ikapanda mpaka 22. Maana yake nyumbani peke yake haikuwa dawa. Kilichoongeza kazi zaidi ni kila mtu kufanyia kazi mahali panapomfaa.

Haya, tuje kwenye daftari letu. Nitatumia namba za mfano, wewe weka za kwako.

Tuseme umepata fremu ya laki 3 kwa mwezi. Miezi sita ni 1,800,000. Dalali mwezi mmoja, 300,000. Tayari 2,100,000 imetoka na hujanunua hata taa. Kama faida yako kwa oda moja ni 7,000 baada ya kutoa mfuko na bando, unahitaji oda 300 ili kurudisha hiyo hela. Oda 50 kila mwezi kwa miezi sita, na ziwe oda MPYA, ambazo usingezipata bila fremu. Sasa niambie, mtu yule yule, simu ile ile, posti zile zile, akihamia kwenye chumba chenye mlango wa kukunja, hizo oda 50 za ziada zinatoka wapi?

Bado kuna hesabu ya upande wake, ambayo wengi hatuipigi kwa sababu hailipwi na mfuko wetu. Tuseme anaishi Chanika na fremu iko Kariakoo. Akiunganisha magari, kwenda na kurudi anatumia kama 2,800. Kwa siku 26 ni 72,800. Kama unamlipa laki 2, zaidi ya theluthi ya mshahara wake umeigeuza nauli kwa agizo la siku moja. Hapo hujaweka chakula cha mchana mjini, wala mtu wa kumwachia mtoto. Na foleni, usisahau foleni, unapokea mtu ambaye ameshachoka kabla hajajibu meseji ya kwanza.

Ndiyo maana nasema hili si jambo dogo. Wasaidizi wetu wengi ni akina dada wenye watoto wadogo, au mtu anayeuguza mzazi, na kazi yetu wameichukua kwa sababu inafanyika nyumbani. Hiyo ni sehemu ya malipo yao hata kama haiandikwi popote. Ukiiondoa umempunguzia mshahara, na mtu akipunguziwa mshahara anatafuta pengine. Namfahamu dada mmoja muuza vitenge alitoa agizo hilo. Msaidizi alikuja wiki tano, akaaga kwa heshima zote. Aliondoka na kitu ambacho dada hakuwa amekiandika popote: nani ni mteja wa Mbeya anayelipa mwisho wa mwezi, nani akisema "nitakujulisha" maana yake anataka na nani maana yake hataki. Fremu ilibaki. Sasa anakaa yeye mwenyewe, na meseji anajibu huku anahudumia mtu aliyesimama mbele yake, na wote wawili hawaridhiki.

Kuna suala la saa pia. Fungua simu yako sasa hivi uangalie meseji za wateja za wiki iliyopita zimeingia saa ngapi. Kwangu mimi nyingi huja saa saba mchana watu wakiwa mapumziko, halafu kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne, wameshakula, watoto wamelala, wamelala chali na simu. Mtu uliyemweka fremuni kuanzia saa mbili asubuhi, saa mbili usiku yuko kwenye daladala amesimama mguu mmoja. Wateja wako wamefika dukani na duka limefungwa.

Ila hapa niwaonye na upande wa pili, maana tunapenda kuteleza. Kufanyia kazi nyumbani hakumaanishi yuko kazini tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Usijidanganye kwamba ukimwajiri mtu akiwa sebuleni kwake basi sheria imebaki mlangoni. Mpangie zamu. Wa kwangu anaanza saa tano asubuhi mpaka saa tisa, anapumzika, anarudi saa moja na nusu usiku mpaka saa nne. Katikati ni mimi. Baada ya saa nne usiku kuna meseji ya kujijibu yenyewe, inamwambia mteja tutamjibu asubuhi. Hakuna aliyekufa.

Sasa ile hofu yenyewe. Nikiwauliza vizuri wanaotaka fremu, mwishoni wanasema: "Dada, naogopa ataniibia wateja." Au pesa. Hiyo naielewa, wala si ya kuichekea. Lakini jiulize, anayetaka kukuibia mteja, ukimkalia pembeni utamzuia vipi? Ana simu yake mfukoni. Namba ya mteja anainakili akienda chooni. Macho yako hayalindi kitu hapo. Kinacholinda ni jinsi ulivyoipanga biashara.

Laini iwe yako na simu kuu ukae nayo wewe. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha vifaa vingine mpaka 4 kwenye namba moja, kwa hiyo yeye anajibu kwenye kifaa chake na wewe unaona kila mazungumzo kwako. Siku mkiachana, unaingia kwenye simu yako, unakitoa kifaa chake, dakika moja. Akaunti ya Instagram nayo, namba na barua pepe za kurejesha nywila ziwe zako.

Pesa isipite kwake kabisa. Wateja walipie Lipa Namba yenye jina la biashara yako, na wazoeshe jina hilo, liandike kwenye kila posti ya bei. Akija mtu akaambiwa "tuma kwenye namba hii nyingine" ashtuke mwenyewe. Na mzigo usitoke mpaka WEWE umeona pesa imeingia kwako. Msaidizi kutumiwa picha ya muamala na mteja haitoshi, hizo picha zinatengenezwa na meseji za uongo zipo tele. Sisi tuna kundi dogo la watu watatu, mimi, yeye na boda. Nikiona hela naandika "imeingia" na jina la mteja. Bila neno hilo boda haondoki.

Ukishafanya haya, fremu haikuongezei ulinzi wowote kwenye meseji. Na usipoyafanya, fremu haikuokoi, utaibiwa ukiwa umekaa naye kiti kwa kiti.

Hofu ya pili ni uvivu. "Nitajuaje kama anafanya kazi?" Swali zuri, na jibu lake ni kuhesabu kazi badala ya kuhesabu saa za kukaa. Kila usiku saa nne wa kwangu ananitumia namba tatu tu. Wateja wapya wangapi wameandika leo. Wangapi wamelipia. Na yule aliyesubiri jibu muda mrefu kuliko wote amesubiri dakika ngapi. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoitazama kwanza. Ikizidi dakika kumi na tano ndani ya zamu naiuliza, na huwa kuna sababu: umeme ulikatika, bando liliisha, wateja walikuja kwa mpigo baada ya kwenda laivu. Sababu hizo zinatibika. Ila usimpigie simu ya video mchana kuangalia kama amekaa mezani. Na usimlinde kwa kuangalia kama yuko "mtandaoni", mtu anaweza kuwa mtandaoni anatazama tamthilia.

Nisieleweke vibaya, kuna kazi za kuja. Mzigo haufungwi kwa WhatsApp. Kupiga picha, kukagua saizi, kutoa viatu vilivyoachia gundi kabla havijaenda Mwanza, kufunga, kuandika majina, kukabidhi mizigo ya mabasi, kazi hizo ziko pale mzigo ulipo, iwe ni fremuni, stoo au chumba cha nyuma kwako. Kama msaidizi wako anafanya hizo, lazima aje, na hakuna ubishi. Nalipinga lile agizo la jumla, la kila mtu kila siku, kwa sababu tu bosi mmoja wa mbali kasema.

Na msaidizi mpya asianzie kwake. Wale wa China walisema miezi 6, kwa biashara zetu naona wiki tatu au nne za kukaa na wewe zinatosha. Ashike bidhaa. Ajue kwamba kile kitambaa ambacho kwenye picha kinaonekana chekundu ni damu ya mzee, kwamba saizi 38 ya viatu hivi inambana mwenye mguu mpana, kwamba madera haya yakifuliwa mara ya kwanza yanachuja. Asiyeshika bidhaa anajibu kama anasoma ubaoni, na mteja anasikia. Baada ya hapo mkutane siku moja kwa wiki mzigo mpya ukiingia. Sisi ni Jumatatu. Nauli ya siku hiyo nampa mimi.

Sasa kile chumba. Usidhani kila mtu anatamani kubaki nyumbani. Kuna dada anaishi chumba kimoja na watu watano, televisheni inaunguruma, mama mwenye nyumba anamtuma dukani kwa sababu "wewe si upo tu?" Kuna mtaa umeme unakatika kila siku jioni. Kuna mtu ni mpweke tu, anataka kutoka, apige stori, avae vizuri. Mtu kama huyo ukimwambia abaki kwake unamwonea kama vile unavyomwonea yule wa Chanika ukimwambia aje. Basi mwulize! Ni swali la dakika mbili: "Mdogo wangu, wapi unafanya kazi vizuri zaidi?" Anayetaka kuja, kama una sehemu, mpe meza. Wale wa China waliona faida ikipanda mpaka 22 kwa kuuliza tu.

Kwa mliokwisha lipia fremu mwezi huu na mnasoma hapa mmekunja uso, msiifunge. Igeuzeni stoo na mahali pa kuchukulia mzigo, fungueni saa chache ambazo wateja wanapita, mchana na jioni, muda mwingine dada wa meseji aendelee kwake. Unaweza pia kuchangia na muuzaji mwenzako ambaye bidhaa zake hazigongani na zako, lakini soma mkataba kwanza na zungumza na mwenye nyumba, wengi hawataki uingize mtu bila wao kujua.

Na bando. Kama anafanyia kazi kwake, bando la kazi ni lako, na liwe tofauti na mshahara. Mpe la wiki, limpe nafasi ya kutuma picha na video bila kuhesabu. Ukimwachia alinunue mwenyewe atakuwa anazima data katikati ya zamu, na ile namba yako ya tatu utaiona inavyopanda.

Ijumaa nitaweka hapa picha ya ukurasa wangu wa daftari la namba tatu, muone ninavyolipanga. Anayelitaka mapema aandike inboksi, ila kabla ya saa nne usiku, baada ya hapo dada wa meseji amelala na mimi pia.